Picha Mbovu, Diski Nzima

Lawama ya kwanza huangukia diski. Mtu ameshahamisha DVD kadhaa kwenye kompyuta bila tatizo, programu ikaomba isasishwe, akakubali, na diski iliyofuata ikatoka na kasoro ambayo hajawahi kuiona: nyuso zimerefuka, weusi umekuwa kijivu, au bibi harusi anayeingia ukumbini anaonekana kurudi nyuma nusu hatua kila anaposogea mbele. Diski inatolewa, inafutwa kwa kitambaa, inarudishwa. Kasoro iko palepale. Inajaribiwa kwenye deki ya sebuleni, na picha inatoka safi.

Diski ni nzima. Mara nyingi hata data iliyonakiliwa ni nzima. Kilichobadilika ni usomaji wake: dikoda, yaani kile kipande cha programu kinachofumbua picha zilizobanwa, kimeanza kuzisoma kwa mipangilio tofauti na ile ya jana. Na kwa kuwa mwenye kompyuta hakugusa mpangilio wowote kwa mkono wake, haimjii akilini kwenda kuutafuta. Jioni moja ya filamu iliyoharibika ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni nakala iliyotengenezwa kupitia dikoda iliyokosea, kwa sababu kosa linakuwa sehemu ya picha zenyewe, na diski ya asili ikishatupwa au ikishafifia hakuna wa kulirekebisha.

Ukiifungua DVD ya filamu kwenye kompyuta, hutakuta faili moja lenye jina la filamu. Utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya aina tatu. Yale ya VOB ndiyo yenye picha na sauti, yamekatwa vipande visivyozidi GB 1 kila kimoja: VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB, na kuendelea. IFO hueleza filamu imepangwaje, sura zinaanzia wapi, kuna sauti za lugha ngapi, na picha ni ya umbo gani. BUP ni nakala ya IFO iliyowekwa kando ili IFO ikikwaruzwa deki iwe na pa kukimbilia. Waliobuni mfumo huu walijua kwamba maelezo kuhusu picha yana thamani sawa na picha yenyewe.

Umbo la picha ni mfano mzuri. Katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania na Kenya, picha ya DVD huhifadhiwa kwa pikseli 720 kwa 576, iwe ni ya televisheni ya zamani au ya sinema pana. Ikiwa ni ya 4:3, mwonyeshaji anatakiwa kuitanua ifike 768 kwa 576. Ikiwa ni ya 16:9, ifike 1024 kwa 576. Picha zenyewe hazisemi ni ipi kati ya hizo mbili. Anayesema ni alama ndogo, na alama hiyo imeandikwa mahali pawili: ndani ya IFO na ndani ya mkondo wa video wa VOB. Deki ya sebuleni huifuata IFO. Programu za kompyuta hutofautiana. Moja inatazama IFO, nyingine inafungua VOB moja kwa moja na kuamini inachokikuta humo. Diski iliyotengenezwa vizuri husema neno moja pande zote mbili, lakini diski nyingi za kuchoma mtaani hazikutengenezwa hivyo. Toleo jipya la programu likibadili mahali linapotazama, watu wote ukumbini wanakonda mara moja.

Kwa nini kazi ya kuhifadhi DVD iligawanyika mikononi mwa programu nyingi ndogo kiasi hiki? Sehemu ya jibu iko mahakamani. DVD ilianza kuuzwa Japani Novemba 1996 na Marekani 1997, na diski za studio kubwa zilifungwa kwa kufuli la kidijitali liitwalo CSS. Oktoba 1999 ilitokea programu ya kulifungua kufuli hilo, DeCSS, iliyohusishwa na kijana wa Norwe, Jon Lech Johansen, aliyekuwa na umri wa miaka 15. Alishtakiwa, akaachiwa huru Januari 2003, na mahakama ya rufaa ikathibitisha hukumu hiyo Desemba mwaka huohuo. Marekani mambo yalikwenda vingine. Kampuni ya 321 Studios, iliyouza DVD X Copy kama bidhaa kamili ya dukani, ilizuiwa na mahakama Februari 2004 na ikafunga milango kabla ya mwaka kwisha. Programu ya bure ya DVD Decrypter ilikoma kuendelezwa 2005 baada ya shinikizo la kisheria. DVD Shrink, iliyopendwa kwa jinsi ilivyobana diski ya GB 8.5 ikaingia kwenye ya GB 4.7, ilibaki na toleo lake la 2004.

Wale ambao wangeweza kujenga programu moja yenye kila kitu ndani, wakaisasisha kwa pamoja, waliondolewa. Kilichobaki kilikuwa kazi ya watu wa kujitolea, kila mmoja na kipande chake: programu ya kusoma diski, nyingine ya kutengeneza faharasa ya picha, nyingine ya kuzifumbua, nyingine ya kuzirekebisha, na nyingine ya kuzibana upya. Vipande vingine vilikuwa vimekufa, vingine vilitoa toleo jipya kila baada ya majuma machache. Mtumiaji ndiye aliyebeba jukumu la kuhakikisha vinaelewana, na hakuna aliyemwambia kwamba jukumu hilo ni lake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni jozi ya DGIndex na DGDecode, kazi ya Donald Graft iliyotokana na programu ya awali iitwayo DVD2AVI. DGIndex ilipitia VOB zote na kuandika faili dogo la maandishi lenye herufi za D2V mwishoni mwa jina. Ndani yake hamkuwa na picha hata moja. Mlikuwa na orodha ya VOB, mahali kila kundi la picha linapoanzia, na mipangilio iliyochaguliwa. Baadaye DGDecode, ikifanya kazi chini ya AviSynth, programu ya kurekebisha video kwa mistari ya amri, ilisoma orodha hiyo ili kujua pa kwenda. Mstari wa kwanza kabisa wa D2V ulibeba namba ya toleo.

Sasa fikiria mtu aliyeshusha toleo jipya, akafungua DGIndex mpya, akatengeneza D2V mpya, na bado kulikuwa na DGDecode ya zamani kwenye folda ya programu-jalizi za AviSynth, folda ambayo AviSynth huisoma yenyewe kila inapoanza bila kuuliza. Kazi inasimama. Ujumbe unatokea kwamba matoleo mawili hayalingani na kwamba huenda ile ya zamani imechukuliwa kutoka kwenye folda ya programu-jalizi. Wengi waliudhika na ujumbe huo. Mwandishi wa sura hii anauona kuwa msaada mkubwa kuliko wowote ambao programu hizi ziliwahi kutoa: ulikataa kufanya kazi kwa kukisia, na ulitaja mahali pa kutazama. Dawa ilikuwa kufuta faili moja la zamani.

Programu nyingine hazikukataa. Ziliendelea na kazi.

Kwenye Windows za miaka hiyo, kazi ya kuchagua dikoda ilifanywa na mfumo wa DirectShow. Kila dikoda ilijisajili ikiwa na alama ya ubora, na faili likifunguliwa DirectShow ilianza kujaribu zile zenye alama ya juu. Alama ya kawaida ni 600000 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, ya inayopendelewa ni 800000, na 200000 maana yake ni kwamba isichaguliwe yenyewe. Windows XP ilikuja bila dikoda ya MPEG-2, lugha ambayo picha za DVD zimebanwa kwayo, kwa hiyo programu za kutazama DVD kama WinDVD na PowerDVD zilileta kila moja ya kwake. Ongeza vifurushi vya kodeki ambavyo watu walivipakia kimoja juu ya kingine, na kompyuta moja ilikuwa na dikoda nne zinazogombea kazi ileile. Aliyejisajili kwa alama ya juu alishinda. Kusasisha programu moja ya DVD kulitosha kuipandisha dikoda yake juu ya wenzake, na programu nyingine kabisa, ambayo haikuguswa, ikaanza kutoa picha mbaya. Tatizo hili lilienea kiasi kwamba Microsoft yenyewe ilitoa chombo cha kukagua dikoda za MPEG-2 zilizopakiwa kwenye XP na kuchagua moja ya kupewa kipaumbele.

Ffdshow, iliyoanzishwa na Milan Cutka mwaka 2002, ilikuwa na tabia moja njema: ilipokuwa kazini ilionyesha alama ndogo karibu na saa ya Windows, nyekundu yenye herufi FFv kwa picha na ya buluu yenye FFa kwa sauti. Fundi aliyejua kutazama kona hiyo alipata jibu la nani anafumbua nini kabla hajafungua dirisha lolote.

Kosa la rangi ni gumu zaidi kulinasa kwa sababu jicho hulizoea. Katika video ya DVD weusi kamili hauandikwi 0 bali 16, na weupe kamili hauandikwi 255 bali 235. Kioo cha kompyuta kinataka 0 hadi 255. Mtu mmoja njiani lazima apanue, na awe mmoja tu. Asipopanua yeyote, picha inafifia kama imepitiwa na vumbi. Wakipanua wawili, dikoda kwanza na kicheza video baadaye, kila kilichokuwa chini ya takriban 30 kinakuwa weusi mtupu, na kila kilichozidi takriban 218 kinakuwa weupe mtupu. Kwenye video ya harusi maana yake inaonekana wazi: mikunjo ya suti nyeusi ya bwana harusi inapotea, na darizi zote za gauni jeupe zinapotea. Picha inavutia kwa mtazamo wa kwanza, ina mng'ao. Ndiyo maana watu huihifadhi hivyo na kuitupa diski.

Harusi zinastahili nafasi kubwa hapa, kwani DVD nyingi ambazo familia za Afrika Mashariki zinahangaika kuziokoa leo si filamu za Hollywood. Ni harusi, kipaimara, mahafali, maulidi na mazishi, zilizopigwa na mpiga video wa mtaani na kuchomwa kwenye diski tupu ya bei nafuu. Hazina kufuli la CSS. Zinanakilika kirahisi, na ndizo zinazoharibika zaidi wakati wa kufumbuliwa.

Chanzo kiko kwenye kamera. Miaka ile nyingi ya kamera hizo zilikuwa za DV, zenye kaseti ndogo, na hazikupiga picha nzima 25 kwa sekunde. Zilipiga nusu-picha 50. Nusu moja ina mistari ya namba witiri, nyingine ya namba shufwa, na kati ya moja na nyingine kuna sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Televisheni ya zamani ilizionyesha kwa zamu, na mwendo ukaonekana laini. Kompyuta huzibandika pamoja, na kwa kuwa kitu kilikuwa kimeshasogea, kingo zake zinatoka na meno ya kitana. Ili kuziunganisha sawasawa ni lazima ijulikane ni nusu ipi ilipigwa kwanza. DV huanza na nusu ya chini. DVD nyingi huanza na ya juu. Diski ya harusi iliyotoka kwenye kamera ya DV huenda ikawa ya namna yoyote kati ya hizo, kutegemea mhariri alivyoisafirisha, na alama ya kusema ukweli imo ndani ya mkondo wa MPEG-2.

MPEG2Source, amri ya DGDecode ya kufungua video, ilisoma alama hiyo na kuipeleka mbele. Lakini mtu aliyeshindwa na ule ujumbe wa matoleo kutolingana, akaamua kubadili mstari mmoja wa AviSynth na kutumia DirectShowSource, amri inayopitia DirectShow, badala yake, alipata picha mara moja na akafurahi. Asichokijua ni kwamba njia hiyo mpya haikupeleka habari ya nusu-picha, na AviSynth isipoambiwa huchukulia kwamba nusu ya chini ndiyo ya kwanza. Kwa diski inayoanza na nusu ya juu, mwendo wote ukapangwa kinyume: mbele, nyuma, mbele, nyuma, mara 25 kwa sekunde. Mtu aliyekaa anaonekana sawa. Mtu anayecheza muziki anatetemeka. Nakala ikakaguliwa kwenye sehemu ya hotuba, ikaonekana nzuri, ikahifadhiwa.

Ndugu walioko Marekani nao huleta mkanganyiko wa aina yake. Diski za huko ni za NTSC, pikseli 720 kwa 480, picha 29.97 kwa sekunde. Filamu za sinema kwenye diski za NTSC kwa kawaida ni picha 23.976 zilizowekewa alama za kurudia baadhi ya nusu-picha, na DGIndex ilikuwa na mpangilio wa kuzipuuza alama hizo na kurudi kwenye mwendo wa sinema. Kwa filamu, mpangilio huo ni sahihi. DGIndex iliuhifadhi kwenye faili lake la mipangilio, na aliyeusahau aliendelea kuutumia kwenye diski iliyofuata. Diski ya mahafali ya mpwa iliyopigwa kwa kamera ya nyumbani ikipita humo, picha moja katika kila tano inatupwa, na mwendo unakuwa wa kushtukashtuka.

Kuhusu sauti yatosha kusema kwa ufupi: ukimya au mkwaruzo mkali mara tu baada ya kusasisha mara nyingi humaanisha kwamba dikoda ya sauti imewekwa ipeleke AC-3, yaani sauti ya DVD iliyobanwa, ikiwa bado imefungwa, ikitarajia amplifaya ya nje iifumbue. Spika za kawaida hazijui la kufanya nayo.

Leo watu wengi hutumia HandBrake, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Eric Petit mwaka 2003 na kufikia toleo la 1.0.0 tarehe 24 Desemba 2016. Imekusanya vipande vingi chini ya paa moja, na ugomvi wa DirectShow haupo. Hata hivyo ndani yake injini hubadilishwa. Toleo la 1.2.0 la Desemba 2018 liliacha maktaba ya Libav na kwenda FFmpeg. Kuna pia chaguo la kuisoma DVD kwa libdvdread badala ya libdvdnav. Ya kwanza husoma muundo wa diski moja kwa moja, ya pili hufuata maagizo ya menyu kama deki ifanyavyo, na diski iliyochomwa vibaya inaweza kukubali moja na kukataa nyingine. Aliyebadili chaguo hilo zamani, kisha mipangilio ikarudi ya mwanzo baada ya kusasisha, ataambiwa hakuna filamu kwenye diski aliyoisoma mwezi uliopita. Watengenezaji hawalifichi jambo hili. Maelezo ya matoleo yao huwakumbusha watumiaji wamalize kazi zilizo kwenye foleni kabla ya kusasisha, na waweke nakala ya mipangilio yao waliyojitengenezea, kwani huenda isiafikiane na toleo jipya. Ni onyo la mistari miwili ambalo wachache hulisoma.

Mfumo wa kompyuta wenyewe nao husasishwa. Windows 7 Home Premium ilikuwa na dikoda ya DVD. Windows 8 ya mwaka 2012 iliiondoa na kuiuza kando. Programu ya kunakili iliyokuwa ikiegemea dikoda ya Windows ilibaki bila pa kuegemea, ingawa yenyewe haikubadilika hata herufi. Hataza za mwisho za MPEG-2 nchini Marekani zilikwisha Februari 2018, na dikoda za bure za FFmpeg na VLC zinaifanya kazi hiyo vizuri, kwa hiyo hakuna sababu ya kurudi kwenye vifurushi vya kodeki vya miaka ile.

Kwa fundi mwenye duka la kuhamisha video, au kijana aliyekabidhiwa diski za ukoo mzima, jambo la kusisitiza ni mpangilio wa kazi. Nakala ya kwanza iwe ya folda ya VIDEO_TS kama ilivyo, bila dikoda yoyote kuigusa. Kubana upya kwa ajili ya simu au WhatsApp kufuate baadaye, kutoka kwenye nakala hiyo. Kabla ya kuanza, MediaInfo, programu ndogo ya bure, itaonyesha umbo la picha, idadi ya picha kwa sekunde na nusu ipi inatangulia, ili kuwe na cha kulinganisha na matokeo. Jaribio lifanywe kwa dakika moja iliyochaguliwa vizuri: mtu anayecheza huku akivuka ukumbi, suti nyeusi karibu na gauni jeupe, na makofi ili sauti ilinganishwe na mwendo wa mikono. Jaribio hilohilo lirudiwe kila programu inaposasishwa, kabla ya diski ya pili.

Zamani ushauri huu ulikuwa wa wenye pesa, kwa kuwa GB 4.7 zilikula sehemu kubwa ya kompyuta ya nyumbani. Sasa flashi moja ya GB 64 inabeba diski 13 za aina hiyo. Na kwa kuwa VOB hazizidi GB 1 kila moja, folda inaingia hata kwenye flashi iliyopangwa kwa FAT32, ambayo hukataa faili lolote la kufikia GB 4 na kwa hiyo hukataa diski iliyojaa ikinakiliwa kama faili moja la ISO. VLC huifungua folda ya VIDEO_TS moja kwa moja, ikiwa na menyu na sura zake.